Kurejesha Joto la Majitaka katika Majengo Makubwa: Mwongozo Kamili

Maji ya kuoga huingia kwenye jengo yakiwa baridi, hupashwa kwa gharama, humpitia mtu mwilini kwa sekunde chache, kisha hutumbukia kwenye bomba la taka yakiwa bado na sehemu kubwa ya joto lililolipiwa. Hotelini, hospitalini, kwenye mabweni, kumbi za mazoezi na majengo ya kufulia nguo, jambo hili hutokea kutwa kucha. Mwongozo huu unahusu namna ya kulinasa joto hilo na kulirudisha kazini. Umeandikwa kwa mhandisi, msimamizi wa jengo na fundi bomba anayetaka kujua aanze wapi na asimamie wapi.

Nishati yenyewe iko wapi

Majitaka yana nishati za aina tatu: ya kuporomoka kutoka ghorofani, ya kikemia iliyomo kwenye uchafu, na ya joto. Wauzaji wa mitambo huzitaja zote tatu kwa pumzi moja, lakini hazilingani hata kidogo.

Anza na ya kuporomoka. Mita moja ya ujazo ya maji ikishuka mita 50 ina kilowati-saa 0.14 tu, na hapo turbini haijakata chake. Mita hiyo hiyo ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hutoa kilowati-saa 11.6, yaani zaidi ya mara 80. Kwa hiyo mtu akikuletea mchoro wa turbini ndani ya bomba la choo la jengo refu, mwonyeshe hesabu hii na umkaribishe chai.

Biogesi ina nafuu kidogo. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku, hata ungegeuka wote kuwa methani, ungetoa kilowati-saa 0.4 hivi, na kwa kweli haugeuki wote. Juu ya hapo utahitaji nafasi ya mtambo, uangalizi wa gesi inayolipuka na mtu wa kuulisha mtambo usidorore. Mtu huyo huyo akioga kwa lita 50, maji yake yakaingia kwenye bomba yakiwa na nyuzi 34 huku maji baridi ya jengo yakiwa na nyuzi 18, amemwaga kilowati-saa 0.9 za joto. Hili ni joto lililo tayari, halihitaji kuchachushwa wala kuchomwa. Ndiyo maana kuanzia hapa nitazungumzia joto peke yake.

Kanuni ya kushika kichwani ni moja: mita moja ya ujazo ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa kilowati-saa 1.16. Hesabu zote zilizo hapa chini zimetoka humo.

Hatua ya 1: Tengeneza kinachovuja kwanza

Majengo makubwa huwa na bomba la mzunguko linalozungusha maji moto usiku na mchana ili bomba likifunguliwa yatoke moto papo hapo. Likiwa halijavikwa kizuia joto, au limevikwa kikaachwa wazi kwenye kona, vali na viungo, linapasha kuta na dari bila faida kwa yeyote. Pita na kipimajoto kwenye vyumba vya mitambo na ndani ya shafti za mabomba. Kila sehemu inayokuunguza mkono ni hasara unayoweza kuizuia kwa gharama ndogo kuliko mtambo wowote wa kurejesha joto.

Badilisha pia vichwa vya bafu vinavyomwaga maji ovyo. Wapo watakaokuambia kwamba maji yakipungua na joto la kurejesha litapungua. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Joto ambalo halikutumika kabisa ni rahisi kuliko joto lililotumika, likakimbizwa na kurudishwa nusu. Muhimu ni kufanya hivi kabla ya vipimo, kwa sababu mtambo uliopimwa kwa mtiririko wa zamani utakuwa mkubwa mno kwa mtiririko mpya.

Hatua ya 2: Pima, tena kwa wiki nzima

Miradi mingi ya aina hii huharibikia hapa. Mtu huchukua bili ya maji, anaigawa kwa siku 30, anakisia kwamba majitaka yana nyuzi 30, kisha anaagiza mashine. Bili haikuambii maji yalipita saa ngapi wala yalikuwa na joto gani, na hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu.

Unahitaji namba nne.

Ya kwanza ni joto la maji baridi yanayoingia kwenye jengo. Fungua bomba lililo karibu na mita na uache maji yatiririke dakika kadhaa kabla ya kupima, maana yaliyolala kwenye bomba la ndani yameshachukua joto la chumba. Namba hii hubadilika kwa majira. Kadiri maji yanayoingia yalivyo baridi, ndivyo mtambo unavyolipa zaidi.

Ya pili ni joto la majitaka mahali unapotaka kulinasa. Funga sensa nje ya bomba, weka mafuta ya kupitisha joto kati ya sensa na bomba, kisha izungushie kizuia joto ili isisome hewa ya chumba. Kwenye bomba la kulala, sensa ikae chini kabisa, kwa sababu maji hupita sakafuni mwa bomba na sehemu ya juu ni hewa tupu. Bomba la plastiki hupitisha joto polepole, kwa hiyo kipimo huchelewa na husoma chini kidogo ya ukweli. Inapowezekana, linganisha na kipimo cha ndani ya maji kwenye chemba. Unganisha sensa na kirekodi kinachoandika kila dakika moja, si kila saa, kwani mtu huoga dakika tano na kipimo cha saa nzima kitamezea bafu hilo ndani ya wastani.

Ukiisoma chati ya jengo la kulala watu utaona mambo mawili. Alfajiri joto la bomba hupanda ghafla watu wanapoanza kuoga, na kila choo kinapovutwa mstari huo hukatwa na bonde jembamba la maji baridi. Hayo mabonde yana maana kubwa, tutayarudia kwenye hatua ya 9.

Namba ya tatu ni mtiririko. Kwenye bafu moja moja, ndoo yenye alama za lita na saa ya kuhesabu sekunde vinatosha. Kwenye bomba kuu, pima upande wa maji safi: mita ya ziada kwenye bomba linaloingia kwenye hita itakuambia maji moto yanayotumika kwa saa, na hayo hayo, yakichanganyika na ya baridi, ndiyo yatakayotoka. Kupima mtiririko ndani ya bomba la taka lisilojaa ni kazi ya vifaa maalumu, na mara nyingi huhitaji kufika huko.

Ya nne ni saa. Panga chati ya maji moto yanayotumika na chati ya majitaka ya moto yanayotoka, moja juu ya nyingine. Zikipanda na kushuka pamoja, mtambo rahisi usio na tangi utakufaa. Zikipishana kwa saa kadhaa, utahitaji mahali pa kuhifadhi joto.

Wiki moja ndiyo kiwango cha chini, kwa sababu Jumapili ya bweni haifanani na Jumanne yake.

Hatua ya 3: Amua mahali pa kunasa joto

Joto hupungua thamani linavyosafiri. Chini ya bafu maji yana nyuzi 34 hadi 36. Yakishachanganyika na ya vyoo, sinki na mashine za kufulia za maji baridi, majitaka ya jengo zima mara nyingi huwa kati ya nyuzi 20 na 25. Yakifika kwenye bomba kuu la mtaa huwa yamepoa zaidi. Kiasi kinaongezeka kila unaposhuka, ubora unapungua. Hii ndiyo biashara yote: ukinasa karibu na bafu unapata maji machache ya moto na mtambo wa bei nafuu, ukinasa chini ya jengo unapata maji mengi ya uvuguvugu na unahitaji mashine ya kuyapandisha joto.

Kama jengo bado liko kwenye karatasi, pigania mabomba mawili ya taka kwenye shafti: moja la bafu, sinki za kunawia na mashine za kufulia, na lingine la vyoo. Bomba la pili wakati wa ujenzi ni gharama ya kawaida. Wakati wa ukarabati ni kubomoa kuta. Hata kama hakuna fedha ya mtambo leo, mabomba yaliyotenganishwa yatamsubiri atakayekuja na fedha.

Majitaka ya jikoni yaache pembeni mwanzoni, ingawa yana joto jingi. Mafuta ya kupikia yakipoa huganda, na yatagandia mahali pale pale unapoyapoza, yaani kwenye kibadilisha joto, kifaa kinachohamisha joto kutoka majitaka kwenda maji safi bila kuyachanganya. Ukiyataka, yapitishe kwanza kwenye mtego wa mafuta unaosafishwa kweli, usiwe ule uliosahaulika chini ya mfuniko.

Kuna na njia ya tatu, ya mtaa mzima. Vancouver, huko Kanada, ina kituo cha False Creek kinachochota joto kwenye majitaka ghafi ya mtaa tangu mwaka 2010 na kulisambaza kwenye majengo ya jirani. Helsinki ina kituo cha Katri Vala, kilichoanza mwaka 2006, kinachotumia majitaka yaliyokwisha kusafishwa na kutoa joto na ubaridi pamoja. Zingatia tofauti hiyo: wa Helsinki wanafanya kazi na maji masafi kiasi, wa Vancouver wanalazimika kuchuja kila kitu watu wanachotupa chooni. Msimamizi wa jengo moja yuko kwenye hali ya Vancouver.

Jengo la ofisi lenye vyoo na sinki za kunawa tu halina joto la kutosha la kurejesha. Kama vipimo vyako vinasema hivyo, funga daftari hapa.

Hatua ya 4: Chagua mtambo

Kibadilisha joto kisicho na mashine

Hiki ni kipande cha bomba la shaba nyekundu, chenye urefu wa mita moja hadi mbili, kinachosimama wima kwenye njia ya maji ya bafu. Nje yake kumezungushwa bomba jembamba la shaba linalopitisha maji baridi safi. Maji yanayoshuka kwenye bomba wima hayaporomoki katikati. Hushikamana na ukuta na kuteremka kama utando mwembamba, na utando huo unagusa shaba pande zote. Ndiyo siri yake nzima. Hakina pampu, umeme wala kidhibiti.

Kwa sababu hiyo, lazima bomba liwe wima kwelikweli. Likiinama kidogo, maji hukimbilia upande mmoja na upande wa pili unakaa bure. Tumia pima maji ya fundi kwenye pande mbili, si moja. Vipo pia vya kulazwa chini ya sakafu kwa mahali pasipo na kimo, lakini maji hugusa sehemu ya chini tu, uchafu hutulia humo, na uwezo wake kwa kawaida ni mdogo.

Ubora wake hupimwa hivi: ni sehemu gani ya tofauti kati ya joto la majitaka na la maji baridi ambayo maji baridi yameichukua. Vizuri hufika kati ya asilimia 40 na 60 mtiririko wa pande zote mbili ukiwa sawa.

Kifaa hiki hufanya kazi pale tu maji machafu yanapotoka wakati uleule maji safi yanapoingia. Bafu la kumwagika linafaa kabisa. Beseni la kujilaza halifai, kwani linapomwagwa hakuna anayefungua maji. Mashine ya kufulia nayo humwaga kwa mkupuo, kwa hiyo inahitaji tangi.

Tangi na pampu ya joto

Pampu ya joto hufanya kazi kwa kanuni ya jokofu: huchota joto kwenye kitu chenye joto dogo na kulisukuma kwenye kitu cha moto zaidi, kwa kutumia umeme. Majitaka ya nyuzi 24 ni chakula kizuri kwake, kizuri kuliko hewa ya nje ya nchi za baridi. Kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata uniti tatu hadi tano za joto. Kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi ndivyo uwiano huo unavyoshuka.

Mfumo kamili una tangi la kukusanyia majitaka, chujio au kisagaji, kibadilisha joto, kitanzi cha maji safi cha kati kinachotenganisha majitaka na pampu ya joto, pampu yenyewe, na tangi la kuhifadhia maji moto. Kosa linalorudiwa ni kuweka tangi kubwa la majitaka na dogo la maji moto. Fanya kinyume. Majitaka yakilala kwa saa nyingi huoza, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, hunuka jengo zima na kula zege. Maji safi ya moto yanaweza kukaa usiku kucha bila kumsumbua mtu.

Maji yaliyopozwa yarudishwe mbele ya mahali yalipochotwa, upande yanakoelekea. Yakirudi nyuma yake, pampu itapoza maji yale yale mara mbili na vipimo vyako vitashuka bila sababu inayoonekana.

Kwenye majengo yanayohitaji ubaridi kuliko joto, mfumo huu unaweza kugeuzwa. Viyoyozi hutupa joto lao kwenye hewa ya nje iliyo moto tayari. Majitaka ya nyuzi 25 yakipatikana kwa wingi yanapokea joto hilo kwa urahisi zaidi. Ila hapo utakuwa unayapasha majitaka, na mamlaka za maji huwa na kikomo cha juu cha joto pia.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Tuchukue bweni la watu 200, kila mtu anaoga kwa lita 50 za nyuzi 38 kwa siku, na maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18. Hiyo ni mita 10 za ujazo. Kuzipasha kwa nyuzi 20 kunahitaji kilowati-saa 232.

Tukiweka vibadilisha joto vya shaba vyenye ubora wa asilimia 50 chini ya mabafu, maji ya nyuzi 34 yanakutana na ya nyuzi 18. Tofauti ni 16, nusu yake ni 8, kwa hiyo maji baridi yanapanda hadi nyuzi 26. Tumepata kilowati-saa 93 kwa siku, asilimia 40 ya joto la kuogea. Kama boila ina ufanisi wa asilimia 85, mafuta yaliyookolewa yana nishati ya kilowati-saa 109. Zidisha kwa bei yako na siku za mwaka ambazo jengo lina watu, maana bweni lenye likizo ndefu si hospitali.

Sasa tuchukue pampu ya joto chini ya jengo hilohilo. Tuseme majitaka yote ni mita 20 za ujazo kwa siku, yana nyuzi 24, na tunayapoza hadi 14. Joto linalochotwa ni kilowati-saa 232. Pampu inayotoa uniti nne kwa moja itatumia kilowati-saa 77 za umeme na kutoa 310 za joto. Hapo umefidia joto lote la kuogea na kubaki na akiba kwa sinki na hasara za mzunguko.

Lakini usilinganishe 310 na 93 ukakimbilia kuagiza pampu. Kipande cha shaba hakilipii umeme. Pampu inalipia, na ushindi wake unategemea bei mbili. Kwa pampu ya nne kwa moja na boila ya asilimia 85, pampu inashinda pale tu uniti ya umeme inapogharimu chini ya mara 4.7 ya uniti ya nishati ya mafuta au gesi. Ikiwa jengo linapasha maji kwa hita za umeme, hakuna mjadala, pampu inakata robo tatu ya matumizi. Ongeza na umeme wa pampu za majitaka na kisagaji, ambao vipeperushi vya wauzaji huusahau.

Ukiweza kuweka vyote viwili, anza na shaba. Kumbuka tu kwamba joto lililonaswa juu halitafika chini, kwa hiyo hesabu ya pampu ifanywe upya kwa majitaka yaliyokwisha kupozwa.

Hatua ya 6: Ufungaji

Kwa kibadilisha joto cha shaba, amua maji yaliyopashwa yaende wapi. Yakienda kwenye hita na pia kwenye upande wa baridi wa bafu, mtiririko wa pande mbili unalingana na unapata joto lote linalowezekana. Yakienda kwenye hita peke yake, kazi ya bomba ni rahisi lakini joto hupungua. Kwenye jengo lenye hita kuu mbali na mabafu, watu wengi hulazimika kupeleka upande wa bafu tu, na bado inafaa.

Usitoe tawi la bomba la kunywa kwenye mstari uliopashwa. Mtu akifungua sinki jirani kutaka maji ya kunywa, apate ya baridi kutoka mstari wake.

Ukuta unaotenganisha majitaka na maji safi lazima uwe maradufu, na kati ya kuta hizo kuwe na njia inayotoka nje ya kifaa. Ukuta mmoja ukitoboka, maji yadondoke sakafuni na yaonekane; yasipenye kimyakimya kwenda upande wa pili. Kwenye hili usikubali punguzo la bei wala maneno ya "hakijawahi kutoboka". Kwa mfumo wa pampu, kile kitanzi cha kati kinafanya kazi hiyo hiyo.

Mabafu ya ukumbi wa mazoezi hufunguliwa kumi kwa pamoja, na kifaa kimoja hakiwezi kupokea mtiririko huo. Panga kadhaa sambamba na uhakikishe maji yanagawanyika sawasawa, vinginevyo kimoja kitafurika na vingine vitakaa vikavu. Pima pia presha inayopotea upande wa maji safi, kwa sababu malalamiko ya kwanza ya wakazi hayatahusu nishati, yatahusu bafu linalotiririka kwa uvivu.

Mengine ni ya kawaida ya fundi bomba mzuri: kipenyo cha bomba la taka kisipunguzwe, bomba la hewa lisizibwe, vifuniko vya kuzibulia viwepo juu na chini ya kifaa, na kuwe na njia ya pembeni ili majitaka yaendelee kutoka wakati mtambo unatengenezwa. Jengo la watu 200 haliwezi kuambiwa lisubiri.

Hatua ya 7: Maji ya uvuguvugu na bakteria

Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji yenye nyuzi kati ya 20 na 45. Mtambo huu, kwa asili yake, hutengeneza maji ya nyuzi 26 hadi 35. Hili si jambo la kuogopesha watu, ila lazima liwemo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, hasa hospitalini na kwenye nyumba za wazee.

Weka maji machache iwezekanavyo katika hali ya uvuguvugu. Kibadilisha joto cha shaba kina lita chache tu, na husafishwa kila mtu anapooga. Bomba refu kutoka kwake hadi kwenye hita ndilo la kufupisha. Epuka tangi kubwa la maji safi yaliyopashwa nusu. Ukilazimika kuhifadhi joto la kiwango hicho, hifadhi kwenye maji ya kitanzi yasiyonywewa wala kuogwa, kisha yapashe maji safi kupitia kibadilisha joto cha sahani pale yanapohitajika.

Tangi la mwisho la maji moto lifike nyuzi 60, na maji ya mzunguko yasishuke chini ya 50 popote. Kama pampu ya joto inachoka kabla ya 60, boila ya zamani imalizie nyuzi za mwisho. Kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi, weka vali ya kuchanganya yenye kudhibiti joto karibu na bafu. Na ncha za mabomba yasiyotumika zikatwe. Zisifungwe koki na kusahauliwa.

Hatua ya 8: Ruhusa, na shimo linaloua

Zungumza na mamlaka ya majitaka mapema. Vijidudu vinavyosafisha amonia kwenye mitambo ya majitaka huzubaa maji yakipoa, kwa hiyo baadhi ya sehemu huwekwa kikomo cha chini cha joto la maji yanayomwagwa. Na ukitaka kuchota kwenye bomba la mtaa badala ya la jengo lako, uliza kwanza joto lile ni la nani.

Chemba na matangi ya majitaka si mahali pa kuchungulia na kuingia. Haidrojeni salfaidi hunuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kuinusa, na mtu hudhani imeisha. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kipima gesi, feni ya kuingiza hewa, mkanda wa kumvuta mtu, na mwenzake anayebaki juu muda wote. Anayeanguka chini asifuatwe bila vifaa. Wengi waliokufa kwenye mashimo haya walikuwa waokoaji. Bora zaidi, panga mtambo ili chujio na pampu zitolewe kwa mnyororo kutoka juu pasipo mtu kushuka.

Hatua ya 9: Kuwasha, kufuatilia na kusafisha

Siku ya kuwasha, weka sensa nne za kudumu: majitaka yakiingia na yakitoka, maji safi yakiingia na yakitoka. Ongeza mita ya maji safi, na kwa pampu ya joto mita yake ya umeme peke yake. Mkandarasi asipewe malipo ya mwisho kabla sensa hizo hazijaonyesha, mabafu yakiwa yamefunguliwa, namba aliyoiahidi. Rekodi namba hiyo ukutani kwenye chumba cha mitambo.

Baada ya hapo adui ni utando. Sabuni, nywele, mafuta ya mwili na bakteria hujijengea ute kwenye ukuta wa kibadilisha joto, na ute huo hupitisha joto vibaya. Kwenye maji ya bafu pekee unajengeka polepole. Kwenye majitaka ya jengo zima unajengeka haraka. Usisafishe kwa kalenda peke yake. Kila wiki tafuta kiasi gani maji safi yamepanda ukigawa kwa tofauti ya majitaka na maji safi yanayoingia. Ilikuwa 0.50, imefika 0.40 kwa mtiririko uleule? Osha. Brashi laini na maji moto yenye sabuni vinatosha kwa shaba. Brashi ya waya huikwaruza na kuupa ute mahali pazuri zaidi pa kushika. Kwa mifumo ya majitaka ghafi nunua tangu mwanzo mtambo wenye kujisafisha wenyewe, kwa kurudisha maji nyuma au kwa brashi za ndani. Mtambo unaosubiri fundi kuja kuufungua hautaoshwa.

Namba ikishuka ghafla badala ya polepole, si ute. Angalia kama kuna koki ya njia ya pembeni iliyoachwa wazi, sensa iliyodondoka, au bomba la choo lililounganishwa kimakosa kwenye mstari wa bafu wakati wa ukarabati wa ghorofa fulani. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na huonekana kwenye chati kwa yale mabonde membamba ya maji baridi. Kila vichwa vya bafu vinapobadilishwa au ghorofa inapogeuzwa matumizi, rudia vipimo vya mtiririko na uandike namba mpya ya kulinganishia.